Acheni Kusema Curt Flood Alipoteza

Sikizeni wasee, leo siko hapa kuchekesha. Nina kadi moja nataka kuwaonyesha, halafu nina ugomvi na watu wa aina fulani. Ukifika mwisho utajua kama na wewe ni mmoja wao.

Tuanze na kadi. Ni kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kwenye kiganja, kilichapishwa mwaka wa 1970 na kampuni ya Topps ya Marekani, wale waliokuwa wakiuzia watoto kadi za wachezaji wa besiboli pamoja na chingamu. Ukingo wake ni wa kijivu. Katikati kuna picha ya mwanamume mweusi. Jina: Curt Flood. Timu iliyoandikwa: Phillies, yaani timu ya Philadelphia.

Sasa shida iko hapa. Curt Flood hakuwahi kuichezea Philadelphia. Hata mechi moja. Hata mpira mmoja. Alikataa katakata kwenda huko, akapoteza kazi yake kwa sababu ya kukataa, na bado kadi ikatoka ikisema yeye ni wa Philadelphia. Klabu mbili zilikuwa zimeshaelewana juu yake, na kwa dunia ya wakati huo hiyo ilitosha. Ya mwenyewe hakuna aliyeyauliza.

Hiyo kadi leo, ukiipata katika hali ya kawaida, ni dola chache tu. Pesa ya chips na soda. Wakati huohuo, mwezi Agosti 2022, kadi nyingine ya kampuni hiyohiyo, ile ya Mickey Mantle ya mwaka wa 1952, iliuzwa kwenye mnada kwa dola milioni 12.6. Kadi moja. Na mojawapo ya sababu za kadi za toleo lile kuwa adimu ni kichekesho kitupu: mzee wa Topps aliyezitengeneza, Sy Berger, alisimulia kwamba zile zilizokosa wanunuzi walizipakia kwenye tishari mwaka wa 1960 wakazimwaga baharini. Takataka ya jana ikageuka dhahabu ya leo kwa sababu nyingi zilizama.

Simchukii Mantle. Alikuwa moto, hakuna ubishi. Ugomvi wangu ni na wale wanaosoma bei ya kadi kama vile ni bei ya mtu. Na zaidi ya hao, nina ugomvi na wale ambao ukiwatajia Flood wanakwambia, "Ah, yule? Si ni yule alishtaki ligi akapoteza?"

Haya. Kwanza mjue huyu alikuwa nani.

Curt Flood alizaliwa Houston, Texas, mwaka wa 1938, akakulia Oakland, California. Akiwa na miaka 18 alisajiliwa na Cincinnati, wakampeleka kuchezea timu za chini huko kusini mwa Marekani, wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria. Hakuweza kula hotelini na wenzake. Hakuweza kulala walipolala. Alisimulia mwenyewe jinsi nguo zake za mchezo zilivyokuwa zikitengwa na za wachezaji weupe, zikapelekwa kufuliwa kwingine. Fikiria hiyo. Jasho lenu ni la timu moja, lakini lako haliruhusiwi kugusana na la wengine kwenye beseni.

Mwisho wa 1957 Cincinnati ikampeleka St. Louis, kwa timu ya Cardinals. Huko ndiko alikojenga jina. Alikuwa mlinzi wa katikati kwenye uwanja wa nje, yule anayekimbia umbali mrefu kudaka mpira kabla haujagusa chini. Alishinda tuzo ya Gold Glove, ambayo hupewa walinzi bora, miaka saba mfululizo, kuanzia 1963 hadi 1969. Msimu mzima wa 1966 hakufanya kosa hata moja la ulinzi. Alicheza mechi 226 mfululizo bila kosa. Alichaguliwa timu ya nyota mara tatu. Alikuwa ndani ya kikosi kilichobeba ubingwa wa World Series mwaka wa 1964 na tena 1967. Kwa kupiga mpira, wastani wake wa maisha ni .293, na hiyo kwa besiboli ni ya mtu anayejua kazi.

Na nisiwafiche: mwaka wa 1968, kwenye mechi ya saba na ya mwisho ya World Series dhidi ya Detroit, alikosea kuusoma mpira mmoja uliopigwa juu, ukampita, na Cardinals wakapoteza ubingwa. Siandiki habari za malaika. Alikuwa binadamu, na hilo neno ndilo kesi yenyewe ilihusu.

Oktoba 1969 simu ikalia asubuhi. Aliyepiga si mwenye timu, ni afisa tu wa ofisini. Miaka 12 umewachezea, halafu unaambiwa kwa simu kwamba wewe na wenzako watatu mmepelekwa Philadelphia, na wao wanatoa wachezaji watatu. Flood alikuwa na maisha St. Louis. Alikuwa na biashara ya picha hapo. Hakutaka kuhama.

Unauliza, si angekataa tu aende timu nyingine? Hapo ndipo kuna ule mtego. Kila mkataba wa mchezaji ulikuwa na kifungu kilichoipa klabu haki ya kuurefusha mkataba kwa mwaka mmoja zaidi, hata kama mchezaji hajasaini. Ukisoma haraka unaona mwaka mmoja, si mbaya. Lakini wenye klabu walikisoma hivi: ule mwaka wa kurefushwa nao una kifungu hichohicho ndani yake. Kwa hiyo unarefushwa tena. Na tena. Ukisaini mara moja ukiwa kijana, wewe ni wa klabu hiyo mpaka ikuuze, ikuachilie, au uache mchezo. Hakuna timu nyingine kwenye ligi iliyoruhusiwa hata kukupa ofa. Hata huyo Mantle wa mamilioni alicheza maisha yake yote chini ya kifungu hicho.

Desemba 24, 1969, Flood akamwandikia barua kamishna wa ligi, Bowie Kuhn. Kwa ufupi alimwambia: baada ya miaka 12 kwenye ligi hii, sijioni kama mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali ninachotaka, naomba uziambie timu zote kwamba niko huru kusikiliza ofa. Kamishna akajibu, na jibu lake ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alikubali kwamba Flood kama binadamu si mali. Halafu akasema haoni hilo linahusiana vipi na jambo lililopo.

Haki ya nani! Jamaa anakubali wewe ni mtu, lakini kwa mkataba huu, utu wako haujaingia kwenye ajenda.

Sasa sikiza kipande hiki kwa makini, wewe unayependa kusema "angechukua doo anyamaze". Mwaka wa 1969 Flood alikuwa akilipwa dola 90,000, mshahara mkubwa kwa mchezaji wa enzi zile. Philadelphia walimwekea mezani 100,000. Alihitaji tu kupanda ndege. Kiongozi wa chama cha wachezaji, Marvin Miller, alimketisha chini akamwambia ukweli mchungu: huenda usishinde, na hata ukishinda, wewe binafsi hutafaidika, watakufungia milango. Flood akauliza kama wachezaji wengine na watakaokuja baadaye watafaidika. Akaambiwa ndiyo. Akasema basi, twende. Chama kikakubali kulipia mawakili, na Januari 1970 kesi ikafunguliwa.

Watu weupe kwa weusi walimshambulia aliposema mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Walimuuliza: kwani kuna mtumwa wa dola 90,000? Na mimi nakubali kwamba neno "mtumwa" ni zito, na mtu ambaye babu zake waliuzwa mnadani kwa kweli ana haki ya kulitumia kuliko wanaomcheka. Lakini weka neno pembeni. Uliza swali dogo tu: je, angeweza kusema hapana na bado afanye kazi yake kwingine? Hakuweza. Mshahara ulikuwa mkubwa, lakini uhuru wa kusema hapana ulikuwa sifuri. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na wengi wetu tumefundishwa kuvichanganya.

Kesi ilipoanza kusikilizwa New York mwaka wa 1970, wazee walikuja kutoa ushahidi. Jackie Robinson alikuja. Hank Greenberg alikuja. Lakini wachezaji waliokuwa wakicheza wakati ule, wale ambao wangekula matunda? Hakuna hata mmoja aliyekuja kukaa naye mahakamani. Hata mmoja! Waliogopa. Nawaelewa, walikuwa na familia na mkataba wao ulikuwa na kifungu kilekile. Lakini kuwaelewa si kuwasifu.

Juni 19, 1972, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji watano dhidi ya watatu. Flood akashindwa. Na walichosema ni ajabu. Mwaka wa 1922 mahakama hiyo ilikuwa imeamua kwamba besiboli haibanwi na sheria za kuzuia biashara hodhi. Sasa, miaka 50 baadaye, jaji aliyeandika uamuzi, Harry Blackmun, alikiri kwamba hiyo hali haina mantiki, michezo mingine haina msamaha huo, lakini kwa kuwa imekaa muda mrefu, basi Bunge ndilo lirekebishe. Na ndani ya uamuzi huohuo akaanza kuorodhesha majina ya mastaa wa zamani wa besiboli, majina zaidi ya 80, kama mtoto anayehesabu kadi zake. Mastaa wote hao amewakumbuka, na mchezaji aliyeleta kesi anarudi nyumbani mikono mitupu.

Maisha yake baada ya hapo hayana utamu. Msimu wote wa 1970 hakucheza. Mwaka wa 1971 alijaribu kurudi na timu ya Washington, akacheza mechi 13, mwili na roho vikakataa, akaondoka akaenda Uhispania, akafungua baa kisiwani Majorca. Pombe ilimsumbua. Pesa zilimsumbua. Alifariki Januari 20, 1997, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 59.

Kwa hiyo, alipoteza? Ngoja kwanza.

Desemba 1975, wachezaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, walipeleka swali lilelile kwa msuluhishi wa migogoro ya kazi, Peter Seitz. Walikuwa wameupitisha mwaka huo bila kusaini. Seitz akasoma kile kifungu kwa macho ya kawaida akasema: mwaka mmoja maana yake ni mwaka mmoja. Basi. Mlango ukafunguka. Mchezaji akimaliza mkataba, yuko huru. Miaka mitatu na nusu tu baada ya Flood kushindwa.

Watu wanasema, unaona, ni hao wawili walioshinda, si Flood. Uongo wa nusu. Kabla ya Flood, mashabiki wengi hata hawakujua kifungu hicho kipo. Yeye ndiye aliyekitoa chumba cha nyuma akakiweka kwenye magazeti na televisheni. Na wakati kesi yake inaendelea, ndipo wenye klabu walipokubali migogoro ya wachezaji ipelekwe kwa msuluhishi wa nje badala ya kamishna wao. Kiti alichokalia Seitz kiliwekwa kipindi hicho. Mwaka wa 1998, mwaka mmoja baada ya kifo chake, Marekani ikapitisha sheria inayowapa wachezaji wa ligi kuu ulinzi aliokuwa akiudai mahakamani. Inaitwa Sheria ya Curt Flood. Unaweza kuniambia ni watu wangapi "walioshindwa" wana sheria kwa jina lao?

Desemba 2024 Juan Soto alisaini na New York Mets mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 765. Ana kipaji, sawa. Lakini Babe Ruth pia alikuwa na kipaji, na aliuzwa kama ng'ombe. Tofauti ni kwamba Soto alikaa kwenye kiti, timu zikaja moja moja kumbembeleza, akachagua. Hicho kiti kina historia, na historia yake inaanza na mtu aliyekataa dola 100,000.

Na bado Flood hayuko kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown. Waandishi walipopiga kura miaka nenda rudi, hakuwahi hata kukaribia ile asilimia 75 inayotakiwa. Watetezi wa Ukumbi wanasema takwimu zake hazitoshi: hit 1,861, si 3,000. Sawa, lakini alisimama akiwa na miaka 31, bado mlinzi bora. Hizo takwimu zilikatwa na kitendo kilekile ambacho kingempa nafasi. Marvin Miller, ambaye hakuwahi kucheza, sasa yumo. Walimchagua miaka saba baada ya kufa. Vizuri sana. Basi na yule aliyeweka mwili wake mezani aingie.

Sasa mbona mimi, msee wa Nairobi anayerekodi video kwenye chumba kimoja, najichosha na kadi ya besiboli?

Kwa sababu nikiwa na miaka 19 nilisaini mkataba. Sitataja ni nani. Walinipa pesa kidogo, fulana mbili na ahadi nyingi. Nilisaini kwa simu, nikiwa kwenye matatu, bila kusoma. Miezi sita baadaye nikaona uso wangu unauza kitu ambacho sijawahi hata kukionja. Nikauliza. Nikaambiwa nisome kifungu fulani. Picha na video zote ni zao, na mkataba unajirefusha wenyewe kila mwaka nisipoandika barua ndani ya muda fulani. Muda ulikuwa umepita. Niliambiwa kwa upole kabisa, "Si ulisaini?"

Mimi si Flood, na nilichopoteza ni kidogo mno, sitaki mtu anicheke. Lakini siku niliyoona ile kadi, mtu mweusi na jina la timu aliyoikataa, niliona ule uso wangu.

Na kuna kitu kingine kuhusu kadi zenyewe ambacho wapenda bei hawakisemi. Kwa miaka mingi Topps ilikuwa ikimlipa mchezaji dola 125 kwa mwaka ili itumie sura yake. Star au mgeni, 125. Miller alipofika aliwaambia wachezaji wagome: msisimame mpigwe picha. Wakagoma. Mwaka wa 1968 kampuni ikakubali kuwalipa mara mbili, pamoja na asilimia ya mauzo. Walipata hiyo kwa kutulia tu mbele ya kamera iliyokuwa ikiwangoja. Wewe unayepigwa picha kila siku, hilo halikugusi?

Kwa hiyo ombi langu si kubwa. Ukiletewa mkataba, wa muziki, wa mpira, wa video, usisaini siku hiyohiyo. Tafuta kifungu kinachosema unaishaje. Kama hakipo, uliza. Wakikasirika kwa sababu umeuliza, umeshapata jibu. Na ukimwona mwenzako amekataa kitu, hata kama wewe umekubali, usimcheke. Nenda ukae naye. Wachezaji wa 1970 hawakwenda, na nadhani wengi wao walijuta walipoanza kula mamilioni.

Nimeagiza ile kadi ya kijivu. Itanigharimu zaidi kuisafirisha kuliko kuinunua. Ikifika nitachukua kalamu nyeusi, nifute hilo neno Phillies. Wakusanyaji watasema nimeiharibu thamani. Acha waseme.